Kipande Kilichozikwa Mundika

Vumbi la Malaba huziba pua ya kila mtu, kwa hiyo pua ya dada yangu ilipoziba hakuna aliyeshtuka. Alikuwa akiwauzia chai na chapati madereva wa malori waliokwama foleni wakingoja kuvuka kwenda Uganda. "Ni moshi wa dizeli," alisema, akaendelea kukanda unga. Pua ikatoka damu, akaendelea. Mdharau mwiba, wacha tu. Shavu lilipovimba hadi chini ya jicho ndipo nikamburuta hospitali.

Yeye hakuogopa, na hilo ndilo lililonikera. Huku kwetu uvimbe wa taya tunaujua. Ni saratani ya watoto: meno yanalegea, wazazi wanayang'oa bure, kisha mtoto anatundikiwa dripu na uvimbe unayeyuka. Mtoto wa jirani alipona hivyo, sasa anatuvunjia vioo kwa mpira.

"Kama ni ile ya watoto," dada aliniambia, "mimi nitapona tu."

Daktari alikataa kukisia. Alisema saratani hizi zina aina nyingi, na kila aina ina dawa yake. Akaingiza chuma puani, akakata kipande. Dada alinifinya mkono hadi nikalia mimi. Kipande kilitiwa kwenye chupa yenye dawa nikabidhiwa mimi, nikipeleke Kisumu kupimwa.

Nilipitia nyumbani Mundika kubadilisha nguo. Nikaweka chupa mezani, nikaenda kuoga. Niliporudi, haikuwepo. Shangazi yetu, aliyetulea, alikuwa nyuma ya nyumba akifuta udongo kwenye jembe.

"Nimekizika," alisema. "Nyama ya mtoto wetu haitazurura kwa watu."

Kwetu mtu akikatwa hata kidole, kidole huzikwa nyumbani. Najua, nimelelewa humo humo. Lakini haki ya Mungu, siku hiyo nilimpigia shangazi kelele mpaka majirani wakatoka. Dawa alikuwa ameimwaga, na kipande kimekwisha kuchanganyika na udongo. Kilichobaki ni dada kukatwa tena.

Daktari wa pua hakuwa wa kila siku. Tulikwenda, tukarudi, tukakaa kwenye benchi, tukaambiwa njooni wiki ijayo. Jicho la dada likafungika kabisa kabla hajakatwa mara ya pili. Safari hii sikupitia popote.

Majibu yalipokuja aliuliza jambo moja tu: "Ni ile ya watoto?"

Nikamwambia hapana. Ni ya watu wazima, huanzia ndani ya pua, na huku haionekani sana. Ilihitaji kuchomwa kwa mionzi, na mashine ilikuwa mbali, na foleni yake ndefu kuliko ya Malaba. Akageukia ukuta. Zamu yake ilifika tukiwa tumeshaweka matanga. Kama zile wiki zingemwokoa, sijui, na nimechoka kujiuliza.

Siku ya mazishi shangazi alichimba pale nyuma ya nyumba, akaja na udongo kwenye kanga, akaumwaga kaburini taratibu. Kisha akanishika mkono.

"Na kile kingine?"

"Kiko Kisumu, shangazi. Hawarudishi."

Aliwatazama wanaume walioshika sepetu.

"Basi wasifukie kwanza," alisema. "Nenda ukamletee."