Dobi wa Kitengela Asiyeshindwa na Wino

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Lorine Naliaka, ambaye wateja humwita Mama Melvin, anatandaza gauni la harusi juu ya meza ya duka lake la udobi mjini Kitengela. Kiunoni pana doa la zambarau, kubwa kama kiganja cha mkono. Ni wino wa muhuri.

Mwenye gauni, Nashipae, ni karani wa afisi moja mjini. Jana alilichukua kwa fundi, akapitia kazini kukabidhi funguo, na pedi ya muhuri ikaliangukia. Harusi ni saa tano, Kajiado. Shangazi zake wamemshauri atumie blichi.

"Umeiosha na maji moto?" Naliaka anauliza.

"Sijaigusa, Mama Melvin. Niliogopa."

"Basi tuko na bahati."

Naliaka, mzaliwa wa Bungoma, anajua thamani ya woga huo. Miaka tisa iliyopita alikuwa mfagizi wa afisi. Siku moja alijitolea kutoa wino kwenye shati la mkubwa wake, akasugua kwa blichi hadi kitambaa kikatoboka. Jioni hiyo hiyo akafutwa kazi. Jirani yake Ndambuki, mtunza maabara ya shule, ndiye aliyemweleza kosa lake: wino ule hausikii blichi, husikia spiriti.

Tangu hapo amelisoma kila doa na tabia yake. Gundi huigandisha kwa barafu, kisha akaibandua. Wino wa unga wa mashine ya kuchapisha huukung'uta ukiwa mkavu. Kila wiki hupokea nguo kama kumi na tano zenye madoa ya afisini.

Sasa anajaribu spiriti kwenye pindo la ndani. Gauni halibadiliki. Anaweka kitambaa cheupe chini ya doa na kuanza kudonoadonoa kwa pamba, toka ukingoni kwenda katikati. Hasugui. Kitambaa kinageuka zambarau, anakibadilisha. Cha tatu. Cha sita. Nashipae amesogea hadi pumzi zake zinamfikia Naliaka begani.

Kitambaa cha tisa kinatoka safi. Naliaka anasuuza kwa maji baridi, analiinua gauni dirishani. Kiuno ni cheupe pe. Nashipae anaketi sakafuni, anacheka huku machozi yakimtiririka.

Kufikia saa tatu gauni limeshapigwa pasi, na bibi harusi yuko njiani kuelekea Kajiado.

Naliaka naye ana safari ya huko. Amepata chumba cha kufungulia duka la pili karibu na afisi za serikali, ambako mihuri haipumziki, na Jumatatu anakwenda kutia saini mkataba wa kukipanga.

"Nitavaa blauzi nyeupe," anasema. "Wino haunitishi tena."