Barua ya Kwanza ya Nabirye Kwenda Mbale

Nabirye wa Mpumudde aliwaunganishia watu simu kwa miaka kumi na tisa, hadi mitambo mipya ilipoletwa akaambiwa akapumzike. Hakupumzika. Mwaka 1998 shirika moja la wakunga mjini Jinja lilimwajiri apokee wageni. Alipoona fundi wa Kampala amekata tamaa na seva ya barua pepe, aliomba kitabu cha maelekezo, akakisoma majuma matano, kamusi pembeni.

Ijumaa asubuhi seva ikawaka vizuri. Sasa ilitakiwa ipige simu yenyewe hadi ofisi ya shirika hilo iliyoko Nabuyonga, Mbale, na kukabidhi barua. Huko alikuwepo Opio, mtu wa Tororo aliyewahi kuwa mwanajeshi wa mawasiliano. Wawili hao walielewana kwa Kiswahili.

Nabirye aliandika: "Afande, asubuhi umekula nini?" Alitaka jibu ambalo mtu wa Jinja asingeweza kulibuni.

Modemu ikalia, ikanyamaza. Saa nzima ikapita. Akapiga simu.

"Afande, barua yangu umeiona?"

"Bado, mama. Hapa hakuna kitu."

Mkurugenzi, Bi Gorreti, alichungulia mlangoni. "Tumwite tena fundi?"

"Nipe mpaka saa sita, madamu."

Nabirye alifungua sanduku lake la barua. Mlikuwa na barua moja tu, yake mwenyewe, imerudishwa: hakuna ofisi yenye jina hilo. Akaisoma anwani kwa sauti, herufi moja moja. Akaisoma tena, kisha akaanza kucheka peke yake. Alikuwa ameandika "mbare", kama ulimi wake ulivyozoea kutamka.

"Seva ni nzima, madamu," alimwambia Gorreti. "Ni mimi niliyetuma barua mahali pasipokuwepo."

Alisahihisha herufi ile, akatuma upya. Baada ya dakika saba jibu likatokea kwenye kioo: "Malewa na ndizi, mama. Na chai vikombe viwili." Malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa Mbale, mtu wa Jinja asingeweza kuyabuni.

Nabirye alisimama, akapiga kigelegele kilichowatoa wakunga vyumbani. Mchana ule kila mmoja alitaka kumwandikia Opio, naye akawajibu wote kumi na mmoja, akichapa kwa kidole kimoja.

Jumatatu Gorreti alitafuta mtu mwingine wa kupokea wageni badala yake. Nabirye akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha seva, na siku hiyo alifika kazini amevaa gomesi, gauni lake refu la kuendea harusi za watu.