Kobe wa Mwanangu na Mgomba Wasioukata

Mwaka ule tulikula mchele wa kutoka nje, wa vipande vipande, unaonuka gunia. Mchele wa Kyela, ambao ukiupika jirani anajua, ulikuwa unapita hapa Tukuyu juu ya malori, umefunikwa turubai kama maiti ya tajiri, unakwenda kuliwa na watu wa mbali. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Sukari ilirudi, sabuni ikarudi, mkate ukarudi na watoto wakaanza kununa wakipewa ndizi asubuhi. Ukimwuliza mtu wa rika langu ulikuwa mwaka gani, namba hatakupa. Mwambie mwaka wa mchele wa gunia. Atakumbuka, na atatema mate.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Kitinda mimba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye chai. Mwaka huohuo wakasema shamba linapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hataki watu wengi. Wakampa mkono, wakamwambia asante. Akapata kazi ya utingo kwenye lori la mpunga, akawa anakwenda Usangu na kurudi, na siku moja akaingia uani na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na kobe.

"Mama, huyu ni wa mtoto. Nimemwokota barabarani, tairi lilikuwa linamjia."

"Unaniletea jiwe lenye miguu, na chumvi ndani hakuna?"

"Chumvi kesho, mama."

Alikuwa mkubwa kama sufuria ya ugali, gamba lake la njano lenye madoa meusi kama kitenge cha harusi. Mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akaanza kutembea nyuma ya kobe. Wakawa wanalingana mwendo. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya lori nayo ikaisha. Akasema anakwenda Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Asubuhi ya kuondoka alichuchumaa akagonga gamba la kobe kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Mama, nitunzie huyu mpaka nirudi. Asikae na nguruwe. Asikae na mbwa."

"Nimewalea wewe na ndugu zako, nitashindwa na huyu? Nenda, gari litakuacha."

Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Gari litakuacha. Mama mwingine angepata maneno mazuri zaidi, mimi nilipata hayo.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, alikuja kijana wa Kawetele aliyekuwa akichimba naye. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. Akasema shimo limetitia, watu wamefukiwa.

"Ulimwona mwanangu akiingia?"

"Hapana, mama."

"Ulimwona akitolewa?"

"Hakutolewa mtu."

"Basi umeniletea nini?"

Akalia yeye. Nilimpa maziwa ya mgando, akayashika tu, hakunywa.

Kwetu mtu akipotelea ugenini na mwili usionekane, ukoo hauwezi kukaa hivihivi. Watu hukata mgomba kwenye shamba lake, huuvisha nguo yake, huukunja kwenye sanda na kuuzika kama mtu. Watu wanalia, ng'ombe anachinjwa, na baada ya hapo aliyekufa anapumzika na aliye hai anaendelea. Mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alikuja na wenzake kutoka Kinyala kusema hilo. Si mtu mbaya. Mume wangu alipokufa yeye ndiye aliyenijengea jiko.

Mkwe wangu, mke wa huyo aliyepotea, hakuweza kukaa nasi. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe, na ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe vilevile. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani mpaka apite. Kwa hiyo siku ya kikao alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, na neno lake lote lilikuwa lipite mdomoni mwangu.

"Shemeji," akasema huyo mkubwa wa ukoo, "kijana anazurura na baridi. Tumlilie."

Mimi sikutaka kulia. Nilitafuta neno la kuwafukuza, macho yangu yakaangukia kobe, anatafuna majani ya maboga pale uani. Nikasema:

"Mali aliyoniachia ile pale, inakula. Siku kobe yule akifa, njooni na panga."

Wakacheka. Mmoja akasema kobe anaweza kutuzika sisi sote tuliokaa pale. Nikamjibu basi atusubirie kaburini. Lakini shemeji hakucheka. Alisimama, akajikung'uta suruali. "Haya. Umesema mwenyewe, na wote wamesikia."

Nilijiona mjanja. Sikujua nilichojifunga nacho. Yule alikuwa mnyama wa Usangu, wa jua na vumbi. Sisi jua tunaliazima.

Kuanzia siku ile sikuwa na raha. Nilikuwa na mbwa, nguruwe jike, kuku, na ng'ombe mmoja wa maziwa wa kisasa anayelishwa bandani. Zamani wote niliwaona wanyama wangu. Sasa niliwaona wauaji. Mbwa alianza kwa kumlamba kobe, nikadhani ni urafiki. Nikatoka kuchota maji, narudi nakuta amemlaza kati ya miguu ya mbele, anaguguna ukingo wa gamba kama mfupa, macho ameyafumba kwa utamu. Nilimpiga kwa mwiko wa ugali, mwiko ukavunjika. Kuku nao, kobe akitoa kichwa wanakuja kudonoa jicho, maana linang'aa. Nguruwe ndiye shetani kabisa. Alibomoa ubao, akaingiza pua chini ya kobe, akampindua. Kobe akipinduliwa hana ujanja. Nilimkuta chali, miguu inapiga hewa polepole, polepole zaidi, na nguruwe anatafuta pa kuanzia. Niliingia mle kwenye matope na kanga ya kanisani. Nilimbeba kifuani nikakaa naye chini, na sikujali nani ananiona.

Jirani aliniona. "Dada, unanyonyesha jiwe?"

"Wako wamekunyonya wakakusahau. Huyu hajanisahau."

Nikafikiri kama mtu wa kwetu anavyofikiri. Wazee wetu walilala nyumba moja na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ni joto na ng'ombe ndiye mali. Kitu cha thamani kilale na ng'ombe. Nikamtandikia kobe majani makavu ya mgomba kwenye kona ya banda. Hapo ndipo nilipokaribia kumwua kwa mkono wangu. Sakafu ya banda haikauki, mkojo unapita chini. Tumbo lake likaanza kulainika na kunuka, na asubuhi moja nikakuta kwato imemgonga, gamba limepata ufa pembeni. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampangusa, nikampaka mafuta ya nazi niliyonunua kwa ajili ya nywele za mjukuu.

Mwisho nikamjengea ukuta wa mawe ndani ya jiko, upande wa pili wa mafiga. Mawe niliyabeba mwenyewe kutoka mtoni. Nikaweka majani makavu, nikazungushia majivu nje ili siafu wasipite, nikaziba mlango kwa kinu. Mbwa haoni, kuku hafiki, nguruwe hasikii harufu. Chakula nikawa namletea: majani ya maboga, matembele, nyasi za kando ya njia. Maji nikayaweka kwenye kifuniko cha sufuria, kisicho na kina, asizame. Mjukuu alikaa juu ya ukuta ule akimwimbia nyimbo za kanisani kwa maneno nusunusu. Nikasema sasa nimeshinda.

Halafu baridi ikaja.

Baridi ya Tukuyu mnaijua. Ukungu unaingia hadi ndani ya kikombe. Kobe akaacha matembele. Akaacha maboga. Akaacha maji. Akaingiza kichwa na miguu, akabaki vile. Nilimweka karibu na moto, akatoa mguu, akaurudisha. Kesho yake hata mguu hakutoa. Nikamgonga gamba kama mwanangu alivyomgonga. Hodi. Hodi, baba. Sikujua nambishia nani.

Mkwe wangu alikuwa anakoka moto. Alikuwa binti mdogo bado, shingo yake nzuri, mikono imeanza kupasuka kwa maji ya baridi.

"Mama, amekufa huyo."

"Amelala."

"Mama." Akaweka kuni chini. "Nakuheshimu. Lakini mimi si kobe. Siwezi kuingia ndani ya gamba nikasubiri. Mkinililia mume, nitakuwa mjane, nitajua nilipo. Sasa mimi ni nini?"

Nikaokota kuni alizoweka chini, nikazisogeza motoni. Alikuwa amesema kweli.

Habari ikatoka jikoni kwangu ikafika Kinyala, sijui kwa mdomo gani. Shemeji akaja na watu, na mara hii walikuja na panga, na sanda mpya imekunjwa chini ya kwapa la mmoja wao. Wanawake wa kwaya walikuja nyuma, vichwa wamefunga tayari kwa kilio. Mkwe wangu akakimbilia nyuma ya ukuta wa mianzi. Shemeji akaomba aletewe kobe.

Nikamleta. Niliondoa kinu, nikamtoa kwenye majani, nikamweka kwenye nyasi mbele ya watu wote. Mzito, wa baridi, kimya. Shemeji aliinama, akamgeuza kidogo kwa mkono, kwa adabu, si kwa mguu. Akamrudisha.

"Shemeji, ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Jiwe lako limekufa."

"Labda."

"Basi turuhusu. Na mkwe wetu je? Mwulize anataka nini."

Nikaenda ukutani nikamwuliza. Akanong'ona kupitia kwenye mianzi, nikasikia pumzi yake, alikuwa analia. Ningeweza kurudi na maneno mengine. Nani angejua? Lakini mimi si mwongo. Nikarudi nikasimama katikati ya uwanja nikayasema kama alivyoyasema: kwamba amechoka, kwamba anataka kuliliwa mume wake apate njia, kwamba ananiomba radhi.

Watu wakashusha pumzi. Ikawa imekwisha. Shemeji akamwashiria mwenye panga, yule akaanza kwenda kwenye migomba ya mwanangu, ile aliyoipanda yeye mwenyewe kando ya kibanda chake mwaka alipooa. Mmoja wa wanawake akaanzisha sauti ya kilio.

Miguu yangu ilinipeleka kabla yangu. Nilimpita yule kijana mwenye panga, nikaukumbatia mgomba, ule wa mbele, ambao ulikuwa na mkungu mchanga. Umande wote ukanimwagikia shingoni.

"Shemeji, toka hapo, unatuaibisha."

"Aibu chukueni nyie, mwende nayo."

"Ulisema kobe akifa..."

"Nilisema upumbavu! Mwanangu si kobe. Kobe na afe, mbwa afe, ng'ombe afe, na mimi nife hapahapa. Mwanangu hafi kwa sababu ya mnyama, na hafi kwa sababu mmechoka." Sauti yangu ilikuwa imeharibika, ilitoka kama ya kuku. "Mkwe wangu simfungi. Unanisikia huko jikoni, mwanangu? Nenda. Olewa. Radhi yangu unayo, na atakayekulaumu aje kwangu. Lakini mimi sizikishwi ndizi."

"Shemeji, mtu haachiwi kuzurura."

"Mgomba haukatwi hapa."

Walisubiri nichoke. Ukungu ukaja ukatufunika, wao na mimi, sikuona tena nyuso zao, nilisikia tu vikohozi. Halafu hata vikohozi vikapungua. Nilipoachia mgomba mikono ilikuwa imekakamaa, ikabidi mjukuu aninyooshe vidole.

Mkwe wangu aliondoka wiki ileile, akarudi kwao Suma. Tuliagana jikoni. Alipiga magoti, nikampa kitenge changu kizuri. Mtoto akaniachia, maana kwetu mtoto ni wa upande huu, na pia kwa sababu mtoto aligoma kumwacha kobe. Baadaye aliolewa na mtu mwema. Nilifurahi, na nililia siku nzima. Sitaki kuulizwa ipi ilikuwa kubwa.

Kobe nilimrudisha kwenye majani yake. Sikumtupa, kwa nini nimtupe? Baridi ilipoisha na jua likafika mpaka kizingiti cha jiko, mjukuu akaniita. Kobe alikuwa ametoa kichwa. Shingo imekonda, macho ya kizee. Akafungua mdomo, akafunga. Nikamkatia jani la boga likiwa bado na maji, akaling'ata pembeni.

Sikukimbia Kinyala kuwaambia. Mtu mwingine angekimbia. Nilikuwa nimekwisha kumwondolea yule mnyama mzigo ule, na sikutaka kumrudishia mgongoni.

Sasa mjukuu wangu ni mwalimu, na nilimsomesha mimi, kwa maziwa ya ng'ombe yule na ndizi za migomba ileile. Nalisema hilo popote, hata kanisani. Kobe yupo, ufa wake wa kwato umebaki alama. Kila baridi anaingia ndani ya majivu na majani, na kila baridi sijui kama atatoka. Mwanangu hajarudi. Sitasema zaidi ya hapo kwa sababu zaidi ya hapo sijui.

Mwaka huu shemeji alikuja tena. Anatembea na fimbo siku hizi, meno hana. Hakuleta panga wala watu. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maziwa, akamtazama kobe akivuka uwanja.

"Shemeji, tumezeeka. Tumlilie kijana, nife nikiwa nimemaliza kazi yangu. Nakuomba sasa, sikuamuru."

Nilimwonea huruma. Nilimwongezea maziwa, nikasubiri amalize kunywa, nikampangusia kidevu.

"Mgomba haukatwi hapa."

Akashika sikio, siku hizi hasikii vizuri. "Unasemaje?"

"Mgomba haukatwi hapa."