Diski na Kibanja

Mama alinikuta sebuleni kwangu Nshambya nimeinamia kompyuta. Alikuwa amefika kutoka Izigo na mkungu wa ndizi, na kabla hajaketi akauliza ninafanya nini.

"Nagawa diski, Mama," nikajibu bila kufikiri.

Ilikuwa diski ya nje niliyoinunua baba akiwa hai. Nilikuwa nimehamia mfumo wa kompyuta wa Linux, nikataka kuifuta yote, niigawe upya na kuifomati. Nilivyovihitaji nilishavinakili kwenye kompyuta. Mimi ni mtu wa haraka, na haraka yangu haijawahi kuwa na baraka.

"Unagawa? Na sauti za baba yako zimo humo?"

Nilicheka; kosa lilikuwa langu kutumia neno hilo. Kwetu ukisema unagawa, mtu anaona kibanja: migomba, kahawa, ukoo umesimama, na mulamula unapandwa kuwa alama ya mpaka.

"Mwana wange," mama akasema, hakucheka, "hata wanaogawana kibanja huacha makaburi. Mwachie baba yako mahali pake."

Ili kumridhisha tu, nikafungua ile nakala ya rekodi za baba. Haikufunguka. Nilikuwa nimenakili njia ya mkato tu, alama inayoelekeza zilipo; rekodi zenyewe zilikuwa bado kwenye diski niliyotaka kuifuta. Sikumwambia mama jinsi nilivyokuwa karibu kumpoteza baba mara ya pili.

Nikazinakili upya, nikizifungua moja moja. Kisha nikaipunguza sehemu ya zamani ya diski, rekodi zikabaki humo, na nafasi iliyopatikana ndiyo niliyoifomati kwa Linux.

Nilipomaliza nikamchezea mama rekodi moja. Baba anatembea kibanjani na kikohozi chake, ananionyesha mulamula mmoja mmoja, na mimi nasikika nikisema, "Baba, inatosha." Siku ile niliona ananichosha. Leo ningemfuata mpaka jua lizame, hata mipaka ya majirani anionyeshe.

Mwishoni hatua zake zinakaribia nyumba, naye anaita:

"Mama watoto! Kahawa ya kutafuna iko wapi?"

"Naileta, waitu," mama akaitikia kwa heshima.

Alikwisha kusimama ndipo akakumbuka.