Mabodi ya Shimba

"Siku mbili nimeyachemsha mabodi yako, Shimba. Asidi imeniunguza mpaka pua. Nimepata nini? Maji ya kijani."

Khalidi, sonara wa Mkuyuni, alikuwa amesimama na ndoo mbele ya kibanda cha Shimba, fundi redio. Shimba analehemu, hata kichwa hakuinua.

"Pole, mzee Khalidi. Labda ilikuwa rangi tu."

Neno hilo, rangi tu, lilikuwa la Khalidi mwenyewe.

Zamani Shimba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha nguo Nyakato. Mwaka tisini na tano kikauzwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, mabodi ya mitambo yakatupwa nyuma ya ukuta. Akayaokota. Pembeni ya bodi, pale linapochomekwa kwenye mashine, kuna meno ya njano. Akamuuliza Khalidi kama siyo dhahabu. Khalidi alicheka sana. "Ngosha, hiyo rangi tu. Lakini wewe lete, nitatoa shaba." Kwa kila gunia la mabodi akawa anampa waya wa kulehemu, basi. Miaka miwili.

Idd moja Shimba akaalikwa pilau kwa Khalidi. Hadiya, mke wa Khalidi, akanyoosha mkono wenye bangili. "Shemeji, ubarikiwe. Hizi zimetoka kwenye mabodi yako."

Shimba akamaliza pilau. Akanawa, akashukuru.

Kuanzia hapo alikwangua meno yote kwa wembe, akabandika vipande vya shaba ya njano kutoka bomba bovu, kimoja kimoja, akavipiga tupa mpaka vikalingana. Mwezi mzima. Khalidi alipokea gunia bila kuangalia, kama kawaida yake.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa," Khalidi akasema, sauti imeshuka. "Mkufu nimeuahidi mbele ya wakwe. Nirudishie meno yangu."

"Yako?"

Rebeka, mke wa Shimba, akaweka kikombe cha chai mezani. Kidoleni ana pete mpya ya dhahabu. Ile ya ndoa aliiuza kwa Khalidi huyuhuyu, wiki ile kiwanda kilipofungwa. Khalidi akaiona hiyo mpya.

"Waambie hawa wateja uliniambia nini," Shimba akasema.

Watu watano walikuwa wanasubiri redio zao. Khalidi akaitua ndoo chini.

"Nilikudanganya. Ilikuwa dhahabu."

"Haya. Tumesikia."

"Kwa hiyo utanipa?"

Shimba akachomoa pasi ya kulehemu, akaitia kwenye mkoba. Huko Nyakato amplifaya ya kwaya moja ilikuwa imekufa, na wanakwaya walikuwa na mazoezi saa kumi.

"Rebeka, mzee akimaliza kupumzika mpe ndoo yake," akasema, akaondoka.