Mzee Asiyeitikia Salamu

Wiki iliyopita, katika zahanati moja ya wilaya ya Hanang, mtafiti kijana alituonyesha kwenye kompyuta jinsi dawa inavyoyeyusha damu iliyoganda katika ubongo mtu akipata kiharusi. Mgonjwa wa kompyuta aliwahi dawa, mshipa ukazibuka, tukapiga makofi.

Kijana akapita kuwasalimu wazee. Mmoja, mfugaji, aliendelea kutazama ukuta.

"Shikamoo, babu," alirudia, akavua kofia.

Kimya.

"Umeanza na wadogo zake," mwenyekiti wa kijiji alimnong'oneza. "Mzee amekasirika. Mwombe radhi."

Kijana akainama, akaomba radhi. Mwenyekiti akaomba kwa niaba ya kijiji. Nami, kwa kuwa mzee ni wa rika langu, niliombwa nimsihi, nikamsihi kwa maneno niliyoyachagua vizuri.

Mke wa mzee akaja kutoka nyuma walikokaa akina mama. Alimshika kidevu, akamgeuza. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

"Huyu hajakasirika," alisema. "Akikasirika huwa hanyamazi."

Tukampakia kwenye gari la mtafiti kumkimbiza hospitali.

"Bibi, ilianza saa ngapi?" kijana aliuliza. "Dawa inategemea muda."

"Saa unayo wewe," alijibu. "Mlianza saa ngapi kumwomba radhi?"

Kijana akatazama saa yake. Kwa hiyo nawashauri wasomaji: mzee asipoitikia, mtazameni mdomo kwanza. Heshima yake ataidai mwenyewe akipona.