Mnyororo Alioupaka Zuberi

Asubuhi ile Zuberi Chikambo, Mungu amrehemu, alikuwa anatafuta kitu cha kuning'inizia ndoo ya kisimani. Nyuma ya nyumba yake pale Likombe kulikuwa na kipande cha mnyororo wa nanga, pete nne tu, alichokikata wiki mbili nyuma alipokuwa anafunga kiungo kipya cha nanga kwenye boti ya matanga ya Helder, mteja wake kutoka Msumbiji. Akakiweka juu ya jiwe, akaipiga pete ya mwisho kwa nyundo ili ipanuke. Ganda jeusi likaruka kama kigae. Chini ya lile ganda, chuma kilikuwa kimelika.

Akachomoa kipimo chake mfukoni. Hakikuwa kipimo cha dukani. Kilikuwa kipande cha jembe kuukuu alichokikata pengo kwa msumeno, kisha akalisawazisha kwa tupa siku nzima. Pengo lilikuwa jembamba kidogo kuliko unene wa pete mpya, kwa hiyo kwenye pete nzima halikupita. Likipita pale pete mbili zinaposuguana, basi pete hiyo imekwisha, na mnyororo wake si wa kuaminiwa tena. Kwenye pete ile lilipita bila hata kugusa.

"Mama Hawa!" aliita.

Mkewe Latifa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini? Nyoka?"

"Helder alisema leo anatia nanga wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyemsindikiza jana alfajiri mpaka ukasahau chai yako?" Kisha akauona uso wa mumewe, akaacha utani. "Alisema jana wanalala Msimbati. Leo wanasogea mdomoni mwa Ruvuma, wanasubiri upepo wa kwenda Pemba. Yeye na yule binti yake."

Zuberi akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena huku anatembea, akazunguka nyumba, akarudi, akapiga mara ya tatu. Wanaokwenda Pemba, ile ya Msumbiji, wakishaipita Msimbati mtandao unakatika.

Hakuwa mtu wa kukaa. Tangu ujana wake, alipokuwa kibarua bandarini akiangalia minyororo ya kunyanyulia mizigo, walimwita Siafu. Baadaye alihamia kwenye boti za wasafiri zinazoingia ghuba ya Mikindani, akawa ndiye mtu wa minyororo yao. Akikufungia kile kiungo cha chuma kinachoshikanisha nanga na mnyororo, alikaza pini yake kwa koleo, akapitisha waya kwenye tundu la pini na kuusokota ili isijifungue yenyewe. Akashuka, akafika nchi kavu, akarudi kuangalia waya. Wenye boti walimcheka. Lakini walikuja na maswali yao kwake, naye aliwajibu wote kwa maneno yale yale: kiungo kisiwe dhaifu kuliko mnyororo, kiungo cha chuma cha pua kinachong'aa usikifunge kwenye mnyororo uliopakwa zinki kwa sababu kimoja kitamla mwenzake baharini, na usinunue mnyororo usio na alama ya kiwanda kwenye pete zake hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Mtu huyo ndiye aliyekosea, na alikosea kwa jambo la nyumbani kwao.

Kwao Kitaya, na vijiji vyote vya mikorosho, mafuta ya maganda ya korosho ndiyo dawa ya kila kitu kinachooza. Hupakwa nguzo za nyumba, mchwa wakakimbia. Hupakwa mitumbwi ya mtoni. Yanaunguza ngozi usipokuwa mwangalifu, na yakikauka yanakuwa meusi, magumu, yanang'aa. Masika yaliyopita Helder alimwachia boti yake, na Zuberi akaushusha mnyororo wote ufukweni, pima arobaini, ili aukoshe kwa maji baridi, aukaushe na kuupima pete kwa pete. Kabla hajapima, ikaja simu ya msiba kutoka Kitaya. Wingu lilikuwa limeshatanda. Hakutaka mvua iukute mnyororo mtupu, akazipaka mafuta ya korosho zile pima kumi za mwisho zinazolala chini baharini, kisha akaondoka kwenda kuzika. Aliporudi alipima, tena vizuri, kila pete. Ila alipima juu ya ganda. Mafuta yaliyokauka yalikuwa yamejaza pale palipolika, na kipimo kilipogoma kupita, akadhani kimekutana na chuma.

Helder, ambaye humwita mestre, yaani fundi kwa Kireno, alipoona weusi ule alipiga mluzi. "Mestre Zuberi, umenivalishia nanga suti!" Zuberi alicheka, akafurahi.

Sasa akachukua nyundo, koleo, waya na kipimo, akawasha pikipiki.

"Kula kwanza," Latifa alisema.

"Watu wawili wamelala juu ya mnyororo wangu, Mama Hawa."

Njia ya Msimbati ni ndefu ukiwa na mawazo. Hadi Madimba ni lami, na kwenye lami aliweza kusoma Ayatul Kursiy bila kukatika. Baada ya hapo ni mchanga, na pikipiki ilimwangusha mara mbili. Alikuwa anahesabu kichwani. Maji yataanza kupwa saa tano. Mdomoni mwa Ruvuma maji yakipwa hayaendi peke yake, mto mzima unayasukuma kwa nyuma, na boti huvuta nanga yake kama ng'ombe anayevuta kamba. Nyuma ya boti yoyote iliyotia nanga pale kuna fungu la mchanga, na mawimbi yanapasukia juu yake. Pete moja ikikatika, hakuna muda wa kuwasha injini.

Msimbati alimkuta Mussa, mvuvi aliyemfahamu, anafunga injini kwenye boti yake.

"Umeiona boti ya matanga, nyeupe, bendera ya Msumbiji?"

"Imepita asubuhi. Iko mdomoni kule. Kwani wamekuibia?"

"Nipeleke, Mussa. Mimi ndiye niliyewaibia."

Mussa alimtazama kwa mshangao, lakini aliisukuma boti majini.

Walipoikaribia, maji yalishaanza kukimbia, ya rangi ya udongo. Boti ya Helder ilikuwa imenyooka kwenye mkondo, mnyororo wake umekaza kama fimbo. Binti yake, Neusa, alikuwa anaanika nguo, akapunga mkono. "Shikamoo, mjomba! Umetuletea chakula?"

"Marahaba. Mwamshe baba yako, awashe injini. Sasa hivi, mwanangu."

Helder akatoka bila shati, macho mazito. "Mestre! Umekuja kuangalia waya wako mpaka huku? Hii sasa ni ugonjwa."

"Washa injini, halafu tuteremshe nanga ya pili. Ile ya kamba. Nitaeleza baadaye."

Helder alitaka kutania tena, akaacha. Injini ikawaka. Wakateremsha nanga ya pili, kamba ikashika, ndipo wakaanza kuuvuta mnyororo kwa winchi, polepole, injini ikisaidia kupunguza uzito. Zuberi alilala kifudifudi mbele ya boti, nyundo mkononi, na pima zile nyeusi zilipoanza kupanda akawa anagonga kila pete. Ganda jeusi likawa linaruka majini. Pete ya kwanza, nzima. Ya tano, nzima. Kwenye pima ya nane akasema, "Simamisha."

Pete ile ilikuwa imebaki nyembamba kama kijiti cha ufagio upande mmoja, na tumbo lake limefunguka kidogo. Neusa aliinama, akaigusa kwa ukucha, kisha akarudi nyuma na kukaa chini.

Helder alipitisha kidole kwenye pete ile. Mwishowe akapumua. "Mnyororo mzee, basi. Niliununua Nacala, tayari umetumika. Kosa langu. Wewe umetuokoa, mestre. Nitawaambia watu wote wa boti."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Zuberi angeweza kuitikia tu, akarudi nyumbani akiwa na jina kubwa kuliko alilokuja nalo. Latifa alisema baadaye kwamba mumewe alimsimulia sehemu hii mara nyingi kuliko zote, na kila mara akifika hapo aliinuka alipokaa.

"Si uzee, Helder," alisema. "Uzee ningeuona. Nilipaka mafuta kabla ya kupima. Nikapima mafuta, nikakuambia ni chuma. Ungekufa wewe na huyu mtoto kwa maneno yangu."

"Ile suti?"

"Ile suti."

Helder akasema maneno ya Kireno ambayo Neusa hakuyatafsiri. Akaenda nyuma ya boti, akasimama huko amempa mgongo. Mussa, aliyekuwa amejishikiza ubavuni na boti yake, akajifanya anaangalia samaki.

Helder aliporudi hakumtazama usoni. "Kazi iko mbele yako. Gonga zote."

Akagonga zote. Neusa alikaa kando yake akitaja namba kwa sauti, na kila pete ambayo kipimo kilipita aliitia alama ya chokaa. Zilikuwa kumi na moja, zote kwenye pima zile kumi nyeusi. Zile thelathini ambazo hakuzipaka zilikuwa safi. Wakazikata pima kumi kwa msumeno wa Helder, wakaugeuza mnyororo uliobaki ili mwisho uliokuwa unakaa ndani ya boti sasa ushuke baharini na nanga. Zuberi alifunga kiungo upya, akasema bismillahi, akakaza pini, akasokota waya. Kisha akampa Helder koleo. "Kaza wewe pia. Usiniamini leo."

Helder alikaza. Pini haikusogea. Akamrudishia koleo.

Adhuhuri Zuberi aliswali pale pale mbele ya boti, juu ya mbao zilizojaa vumbi la kutu. Alipokuwa anashuka kwenye boti ya Mussa, Helder aliinama kwenye ubavu.

"Mwakani nikija Mikindani, uje na kile kijembe chako. Mafuta yabaki kwa watu wa mitumbwi."

"Yatabaki, inshallah."

"Na usije ukiwa umepiga mbio hivi. Umemtisha mtoto."

"Mimi sijatishika," Neusa alisema kutoka nyuma, lakini sauti yake ilikuwa bado haijatulia.

Saa kumi Zuberi alifika nyumbani, nguo zimegeuka rangi ya kutu. Latifa alikuwa amepakua wali, ameufunika. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamvutia mkeka. Zuberi hakukaa. Alikuwa anatafuta nyundo aliyoishika mkononi.

"Baba Hawa, watu wako salama. Kaa ule."

"Mikindani kuna boti mbili nyingine nilizozipaka."

"Wenyewe hawatakupa kazi tena ukiwaambia."

"Hawatanipa."

Latifa aliutazama wali. Akaurudishia kawa, akachukua ushungi wake kwenye kamba, akafunga mlango. "Basi utahitaji mtu wa kutia alama ya chokaa," alisema, akapanda nyuma ya pikipiki.